Kabla ya kununua mfumo mwingine wa mizigo, ulizeni nani anaandika nini

Msomaji anayesafirisha waridi kutoka Nairobi kwenda Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, Uholanzi, ametuandikia. Yeye, wakala wake na bohari ya uwanja wa ndege wanatumia mfumo mmoja wa kompyuta, lakini mzigo bado unazuiwa. Anauliza wanunue upi badala ya huo.

Msinunue chochote. Chukueni hati ya mzigo wa mwisho uliozuiwa, mkae meza moja, mpitie kila kisanduku mkiulizana: taarifa hii nani huijua kwanza? Huyo aiandike, mara moja tu, na wengine waisome. Idadi ya maboksi ni ya anayefungasha. Uzito wa mwisho ni wa mizani ya bohari. Taarifa moja ikiandikwa upya na watu watatu, hata mfumo wa bei ghali utabeba majibu matatu.

Anzeni na namba ya hati. Ina tarakimu 11: tatu za shirika la ndege, kisha nane. Ile ya mwisho ni ya ukaguzi: gawanyeni zile saba zinazoitangulia kwa 7, na baki ndiyo tarakimu yenyewe. 1234567 hubakiza 5, kwa hiyo namba sahihi ni 12345675. Lahajedwali la kawaida linatosha kunasa kosa hilo shambani, kabla lori halijaondoka.

Maelezo ya bidhaa ndiyo yanayoumiza zaidi. Tangu Machi 2023, forodha ya Umoja wa Ulaya hudai taarifa za mzigo wa ndege kabla haujapakiwa, na tamko kamili hutaka msimbo wa bidhaa wa tarakimu 6. Waridi ni 060311. “Bidhaa mchanganyiko” haikubaliki. Wakala akiunganisha wakulima watano chini ya hati kuu moja, kila hati ndogo lazima iwe na maelezo yake, maana kosa la mmoja laweza kushusha palati nzima. Hapo mshindani wako anakuwa mshirika wako, upende usipende.

Pimeni na ujazo. Boksi la sentimita 100 kwa 40 kwa 30, ukizidisha vipimo hivyo kisha ukagawanya kwa 6,000, ni kilo 20. Hata likiwa na kilo 14 kwenye mizani, utatozwa kwa kilo 20.

Halafu kubalianeni maana ya alama za safari. RCS maana yake mzigo umepokelewa na uko tayari kusafiri. Karani akiituma lori likiwa bado getini, kila mtu hudhani waridi wameshaingia kwenye baridi kumbe wanachemka juani. RCF ni kupokelewa kutoka kwenye ndege. NFD ni mpokeaji kuarifiwa. Andikeni muda kati ya RCF na NFD kwa mizigo kumi mfululizo. Ukiwa mrefu, tatizo liko ofisini Schiphol, si Nairobi.

Schiphol kwenyewe ushirikiano ulijaribiwa kwa mpango wa Milkrun: badala ya kila wakala kuleta lori lake nusu tupu, mizigo ya mawakala kadhaa hupelekwa kwa mzunguko mmoja. Kazi kubwa hapo ni kupatana saa na foleni.

Mkishamaliza haya, ndipo muulize muuzaji kama mfumo wake unafuata ONE Record, utaratibu wa kushirikiana data wa IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, ambapo data hukaa kwa mwenyewe na wengine hupewa ruhusa ya kuisoma. Mwulizeni pia, kwa maandishi, nani ataweza kuona bei zenu.