Wakubwa Wakikatwa Mishahara, Bajeti ya Chuo Kikuu Itasimama?

SWALI: Ndugu Mhariri, nafanya kazi katika ofisi ya uhasibu ya chuo kikuu cha umma. Ruzuku ya serikali imepungua, nasi tumeambiwa kwamba walimu wa muda hawatapewa mikataba mipya na kwamba maktaba itafungwa mapema jioni. Chama cha wafanyakazi kinataka, kabla ya hatua hizo, mishahara ya viongozi wa utawala ikatwe kwa asilimia 20, kuanzia makamu mkuu wa chuo hadi wakurugenzi. Menejimenti inajibu kwamba kitakachopatikana ni kidogo mno na kwamba viongozi wazuri watahama. Nani ana haki?

JIBU: Ndugu msomaji, katika hesabu menejimenti ina haki, lakini wanaodai makato hayo hawadai kwa sababu ya hesabu peke yake.

Tuseme katika kila 100 zinazolipwa mishahara, viongozi wa juu huchukua 5. Ukiwakata asilimia 20 umeokoa 1. Ikiwa pengo ni 8, hata wakikubali kufanya kazi bure mwaka mzima, bado 3 zinadaiwa. Mwaka 2009, Chuo Kikuu cha California, Marekani, kilipopunguziwa fedha za jimbo kwa zaidi ya dola milioni 800, hakikuishia kwa wakubwa. Wafanyakazi wengi walipewa likizo bila malipo ya siku 11 hadi 26, yaani makato ya asilimia 4 kwa wenye kipato cha chini hadi asilimia 10 kwa wenye mishahara minono, na pamoja na hayo yote, Novemba ya mwaka huohuo bodi iliidhinisha ongezeko la karo la asilimia 32. Kwa hiyo anayewaahidi wenzake kwamba makato ya watu ishirini yataziba pengo anawapa matumaini ambayo daftari lako mwenyewe litayakanusha.

Hata hivyo, fedha ndogo huwa kubwa pale unapoamua ziende wapi. Mwaka 2014, Raymond Burse, aliyekuwa akikaimu urais wa Kentucky State University, aliacha zaidi ya dola 90,000 za mshahara wake wa mwaka ili wafanyakazi 24 waliokuwa wakilipwa kidogo kuliko wote wafikishiwe dola 10.25 kwa saa. Katika bajeti nzima ya chuo kiasi hicho hakionekani. Kwa mtu aliyekuwa akipokea dola 7.25 kwa saa, kinaonekana kila mwisho wa mwezi. Ndiyo maana ningekishauri chama chenu kiache kusema makato yatasawazisha bajeti, kidai badala yake kwamba kila kitakachookolewa kiwekwe katika fungu la walimu wa muda na saa za maktaba, na fungu hilo lisiguswe kwa matumizi mengine.

Hoja ya kuhama haiwezi kupuuzwa kabisa, kwa maana daktari bingwa anayeongoza kitivo cha tiba ana pengine pa kwenda. Lakini wakurugenzi wengi wa utawala wamejenga maisha yao yote ndani ya chuo kimoja, na soko la kuwagombania si kubwa kama inavyodaiwa. Tena kiongozi anaweza kuondoka kwa sababu ya kulipwa mno: mwaka 2017 mkuu wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, ambaye malipo yake yalifikia pauni 468,000, alitangaza kung'atuka baada ya wafanyakazi na wanafunzi kuyapinga kwa miezi kadhaa.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni neno "mshahara" lenyewe. Wewe unaziona hati za malipo, kwa hiyo unajua kwamba chini ya mstari wa mshahara wa msingi hufuata posho ya wadhifa, ya nyumba, ya mafuta, ya simu, na posho za vikao zinazolipwa kwa kila kikao. Pendekezo linalotaja mshahara wa msingi tu linaacha mlango wazi: mwezi wa kwanza msingi unashuka, mwezi wa tatu vikao vinaongezeka, na jumla inarudi palepale. Dai makato yahesabiwe juu ya jumla ya malipo.

Na zaidi ya kiwango cha malipo kuna idadi ya vyeo. Mwaka 1955 Mwingereza C. Northcote Parkinson alionyesha kwamba kati ya 1914 na 1928 manowari kubwa za nchi yake zilipungua kwa zaidi ya theluthi mbili, huku maofisa wa makao makuu ya jeshi la wanamaji wakiongezeka kwa zaidi ya asilimia 78. Aliandika kwa mzaha, lakini takwimu hazikuwa mzaha. Mkurugenzi mpya haji peke yake. Huja na naibu, katibu muhtasi, dereva na ofisi. Nafasi moja ya namna hiyo ikiachwa wazi anapostaafu aliyeishika, huenda chuo kikaokoa zaidi ya kile kitakachotokana na kuwakata wenzake watano, na hakuna anayefukuzwa.

SWALI: Mimi ni mkuu wa kitengo katika chuo cha umma na nimebakiza miaka miwili kustaafu. Niko tayari kukatwa, lakini je, pensheni yangu haitaathirika?

JIBU: Inaweza kuathirika vibaya ikiwa mfuko wako unakokotoa pensheni kwa kutumia mshahara wa mwisho au wastani wa miaka ya mwishoni, kwa sababu makato ya miaka miwili yatakufuata hadi kaburini. Dawa ni kuacha mshahara ulioandikwa katika mkataba ulivyo, kisha ukatoa sehemu yake kwa hiari au ukachukua likizo bila malipo kwa masharti kwamba michango ya pensheni itaendelea kukokotolewa juu ya mshahara kamili. Usikubali kwa mdomo. Masharti hayo yaandikwe katika barua ya makubaliano, pamoja na tarehe ya makato kukoma, kabla hujatia saini.