Mdudu Naye ni Mfugo: Majibu kwa Wafugaji wa Mijusi na Vinyonga

Barua tulizochagua safari hii zinatoka kwa wasomaji wanaofuga mijusi, geko na vinyonga majumbani mwao, na karibu zote zinahusu wadudu wanaowalisha, maana shida ya mnyama mara nyingi ipo kwenye boksi la chakula chake. Nimeziunganisha pale maswali yalipofanana.

SWALI: Nina pogona wawili, wale mijusi wenye ndevu. Hununua nyenje mia mbili kwa mara moja ili wanitoshe wiki mbili, nikawaweka kwenye boksi la plastiki ambalo kifuniko chake nimekitoboa kwa sindano ya moto, pamoja na bakuli la maji na chakula cha kutosha. Ikifika siku ya nne boksi linanuka vibaya na zaidi ya nusu yao wamekufa. Je, nauziwa nyenje wagonjwa?

JIBU: Huenda, lakini kabla ya kumlaumu muuzaji wako, ondoa kifuniko asubuhi na mapema ukitazame upande wa ndani. Ukikuta matone ya maji yameng'ang'ania plastiki, basi chanzo unacho mkononi. Nyenje wa kufugwa tuliyemzoea, Acheta domesticus, huvumilia ukavu kuliko unyevu. Kinyesi chao kikilowa pamoja na mizoga na mabaki ya chakula, huoza na kutoa gesi ya amonia, na gesi hiyo ikikosa njia ya kutokea huwafikia kupitia vitundu vidogo vya kupumulia vilivyo ubavuni mwa miili yao. Ile harufu inayokuchoma pua unapofungua boksi ndiyo amonia yenyewe, na wewe unaivuta kwa sekunde chache tu huku wao wakiivuta usiku kucha.

Matundu ya sindano hayatoshi hata kidogo. Kata dirisha kwenye kifuniko lifikie karibu nusu ya eneo lake, ukate na jingine dogo ubavuni, ili hewa nzito ipate pa kutokea na mpya ipate pa kuingilia. Madirisha yote mawili yaezeke kwa wavu wa chuma, kwa sababu wavu wa plastiki au wa kitambaa nyenje huutafuna wakatoka. Ndani simamisha trei za mayai za karatasi, na nasisitiza kuzisimamisha wima, kwani zikilazwa kinyesi hujaa kwenye vikombe vyake na nyenje hulala juu yake, lakini zikisimama kinyesi hudondoka hadi chini ambako utakifagia. Sakafu iache tupu. Wapo wanaotandaza mchanga au udongo ili boksi lipendeze macho, na matokeo yake ni kwamba mizoga hujificha humo ikaozea hapohapo. Trei hizo zina kazi nyingine pia: nyenje waliosongamana hutafunana, hasa wanapomkuta mwenzao aliyetoka kujivua gamba, mweupe bado na mwili laini, asiyeweza kujitetea kwa saa kadhaa.

Bakuli la maji liondoe leo hii. Wadogo huzama humo, na sifongo ambayo wengi huweka ndani ya bakuli ili kuwaokoa hugeuka kuwa makao ya bakteria kwa muda mfupi. Kipande cha karoti kinawatosha kwa kiu, mradi ukitoe kesho yake kabla hakijaanza kuteleza. Vinginevyo tumia jeli ya maji. Chakula kikavu kiweke upande wa pili wa boksi, mbali na chochote chenye majimaji, kwa kuwa pumba zikilowa hushika ukungu haraka. Kuhusu joto, anayetaka nyenje wake wazaane anahitaji nyuzi 28 hadi 32 za Selsiasi, lakini anayewahifadhi tu wiki mbili hana haja ya joto kali hivyo, nyuzi 22 hadi 25 zinamfaa, nao watakua taratibu na kuchafua kidogo.

Jambo moja zaidi ambalo wanunuzi wengi hawalijui: nyenje akishaota mabawa amefika utu uzima, na maisha yaliyobaki ni ya wiki chache tu. Ukinunua mia mbili wenye mabawa ili wakutoshe nusu mwezi, baadhi yao watakufa kwa uzee hata ukiwatunza vipi. Chagua wasio na mabawa.

Ikiwa umeyafanya haya yote na bado unawakuta wamelala chali wakirusha miguu kwa unyonge, hasa wale wakubwa wanaokaribia kuota mabawa, hapo ndipo ushuku ugonjwa. Kipo kirusi cha kundi la densovirusi kilichoangamiza mashamba ya nyenje huko Ulaya, na kuanzia miaka ya 2009 na 2010 kikasambaa Amerika Kaskazini hadi baadhi ya wafugaji wakubwa wakaachana na aina hii. Ni kirusi cha nyenje, si cha mijusi. Choma trei, osha boksi kwa dawa ya klorini, liache likauke juani, kisha uhamie Gryllodes sigillatus, nyenje mwenye mistari anayekistahimili.

SWALI: Niliambiwa mabuu wa kulisha huwekwa kwenye friji ili wasigeuke mbawakawa. Nimefanya hivyo kwa aina mbili nilizonazo, wadogo wakabaki wazima lakini wale wakubwa wamekuwa weusi wote.

JIBU: Ushauri uliopewa ni wa kweli kwa aina moja tu. Wale wadogo, Tenebrio molitor, hupoa wakatulia kwenye nyuzi 7 hadi 10, na wanaweza kukaa hivyo kwa wiki nyingi, ila watoe mara moja kwa wiki wapate joto na kula kwa siku nzima. Wale wakubwa ni Zophobas morio, nao baridi ya friji huwaua. Hawa hawana haja ya friji, maana wakiwa wengi pamoja hawageuki. Mpaka umtenge mmoja mmoja kwenye kikopo chake ndipo hujikunja na kuwa bundo, yaani hatua ya kutulia kabla ya kugeuka mbawakawa.

SWALI: Geko chui wangu ana mwaka mmoja. Anakula vizuri, nyenje na mabuu, na huwapaka unga wa kalsiamu mara kwa mara. Nyenje huwalisha pumba na maganda ya viazi. Sasa vidole vyake vinatetemeka anapotembea na taya ya chini inabonyea nikiigusa. Nimekosea wapi?

JIBU: Kwanza mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia, tena usingoje wiki iishe. Taya inayobonyea ni dalili ya matege, yaani mwili unachota kalsiamu kutoka kwenye mifupa kwa kuwa damu haiipati kwingine, na kiwango hicho cha ugonjwa hakitibiki kwa kubadilisha chakula peke yake. Hayo ninayoyaeleza hapa ni ya kuzuia yasirudi.

Nyenje, kama alivyo, ni chakula chenye protini nzuri na kalsiamu duni. Kwa kila sehemu 1 ya kalsiamu mwilini mwake kuna sehemu 7 hivi za fosforasi, na kwa buu mdogo uwiano huo ni mbaya zaidi, sehemu 1 kwa takriban 17. Mjusi anahitaji angalau zilingane, na ni heri kalsiamu izidi hadi mara 2, kwa sababu fosforasi ikizidi huzuia kalsiamu isifyonzwe tumboni. Ukimlisha nyenje wako pumba, ambazo zenyewe zimejaa fosforasi, unazidisha upungufu uleule. Mabuu nao huleta mafuta mengi, karibu asilimia 13 ya uzito wao wakiwa hai, dhidi ya asilimia 7 hivi kwa nyenje, kwa hiyo wape kwa kiasi.

Sasa kuhusu unga. Mtazame nyenje aliyetoka kupakwa unga mweupe: dakika chache baadaye ameshainamisha kipapasio kimoja kwa mguu wa mbele, akakipitisha kinywani polepole kuanzia shinani hadi nchani, kisha akageukia cha pili, kisha miguu. Anajisafisha. Geko wako huwinda magharibi, na ukimwachia nyenje saa nzima kabla ya kuwala, sehemu kubwa ya unga imeshapotea. Tikisa nyenje watano au sita kwenye kikombe chenye unga kidogo, wape mara moja, tena wachache wachache ili waliwe pale pale.

Lakini unga ni wa nje, na mimi naamini kazi kubwa iko ndani. Utumbo wa mdudu ni kifuko, na chochote utakachokijaza humo kitaliwa na geko. Saa 24 hadi 48 kabla ya kumlisha, watenge nyenje unaokusudia kuwatumia, uwape chakula maalumu kilichoongezwa kalsiamu nyingi, angalau asilimia 8 ya uzito mkavu, pamoja na mboga za majani ya kijani na karoti au malenge kwa ajili ya vitamini A. Spinachi iepuke kwa kazi hii, kwani asidi yake ya oksaliki huifunga kalsiamu. Chakula hicho maalumu kisiwe cha kudumu: nyenje wakikila kwa siku nyingi huwaziba tumbo wakafa, na ndiyo maana nasema uwatenge wale wa kuliwa tu, wengine waendelee na chakula chao cha kawaida.

Hata hivyo kalsiamu haiingii mwilini bila vitamini D3. Mjusi huitengeneza ngozini kwa miale ya UVB, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, au huipata kwenye unga wenye D3, unaotolewa kwa kipimo kwa kuwa ukizidi hudhuru. Na ikiwa unamtegemezea jua la dirishani, kioo huzuia karibu miale yote ya UVB, kwa hiyo hapo anapata joto tu.

Ukitaka mdudu ambaye kalsiamu yake ni ya asili, tafuta mabuu wa nzi chuma, Hermetia illucens, ambao kalsiamu yao huishinda fosforasi zaidi ya mara 2. Angalia tu kinyesi cha geko kwa siku za kwanza, kwani ngozi yao ni ngumu na wengine hupita wazima. Ukiwaona humo, tatizo ni kutotafunwa.

SWALI: Je, ni vibaya kuwaacha nyenje usiku kucha ndani ya tanki ili mjusi ale anapotaka?

JIBU: Ni vibaya. Nyenje mwenye njaa hutafuna anachokikuta, na mjusi aliyelala hana ulinzi. Nimeona mkia wa geko mchanga uliotafunwa hadi nyama ikaonekana, na vidonda vya pembeni mwa jicho. Hesabu unaowaingiza, na baada ya dakika 15 watoe waliobaki. Akijificha mmoja usiyeweza kumkamata, acha kipande cha karoti humo ili ale hicho badala ya mjusi. Ukubwa wao nao usizidi nafasi iliyopo kati ya macho mawili ya mjusi.

SWALI: Mume wangu anataka tufuge mende wa Blaptica dubia kwa ajili ya kinyonga wetu. Mimi naogopa watajaa nyumbani. Pia nina mzio wa kamba wa baharini, sijui kama unahusika.

JIBU: Hofu ya kwanza ni ndogo. Mende huyu hapandi ukuta laini wa plastiki, halii kama nyenje, na ili azaane anahitaji joto la nyuzi 28 na zaidi na miezi minne au zaidi kukomaa. Anayeponyoka ndani ya nyumba yenye baridi haanzishi ukoo. Kwa utulivu wake na kwa harufu yake ndogo mimi ningemchagua kabla ya nyenje. Msiwalishe vyakula vya mbwa au paka vyenye protini nyingi, kwa kuwa mende huhifadhi ziada yake mwilini kama asidi ya yuriki, na hiyo ndiyo humletea reptilia jongo.

Suala la mzio ni zito zaidi, na nashukuru umeliuliza. Mwili unaokataa kamba mara nyingi huwa umekataa protini iitwayo tropomiosini, na wadudu wanayo inayofanana nayo sana, mende wakiwemo. Vumbi la kinyesi na magamba yao huelea kila boksi linaposafishwa. Uliza daktari wako kabla ya kununua hata mmoja, na kama jibu ni kuendelea, mume wako ndiye asafishe, nje ya nyumba, akiwa amevaa barakoa na glavu.

SWALI: Kwa nini nisimkamatie tu pogona wangu wadudu wa bustanini? Ni bure na ni wa asili.

JIBU: Kwa sababu hujui panzi huyo alikula jani lililopuliziwa dawa gani asubuhi, wala amebeba minyoo gani. Bustani yako binafsi isiyopigwa dawa inaweza kukufaa, lakini dawa ya jirani nayo husafiri na upepo. Na kuna mdudu mmoja asiingie kabisa: kimulimuli. Baadhi yao wana sumu ya moyo, na pogona, ambaye asili yake ni Australia na hakuzoea kumkwepa, humdaka bila kusita. Kimulimuli mmoja tu anatosha kumuua. Usiku wa joto wanapozagaa, funga dirisha lililo karibu na tanki kabla ya kuwasha taa.