Kuvu wa mizizi hamei kwenye aga peke yake

Dadangu, umesema ulitaka kukuza kuvu wa mizizi, ukaosha mizizi ya mahindi ya Kisauni kwa klorini, ukailaza kwenye aga (jeli ya maabara ya kukuzia vijidudu), na baada ya wiki umepata ukungu mweusi tu. Pole, lakini hukukosea mkono. Kuvu wa mikoriza, yaani yule anayeishi ndani ya mizizi ya mahindi kwa kushirikiana na mmea, hulishwa sukari na mzizi ulio hai. Peke yake kwenye aga spora zake (chembe ndogo za kuzaliana) huchipua kidogo kisha hufa. Maabara kubwa humkuza pamoja na mizizi ya karoti iliyobadilishwa jeni kwa bakteria, kazi ngumu kwa anayeanza.

Mimi ningeanza na chungu. Chukua mchanga wa mto, si wa ufuoni maana una chumvi, uuchemshe kwa mvuke, changanya na udongo kidogo wenye mizizi yako, panda mtama. Fosforasi iwe kidogo mno, ikizidi mmea humkataa kuvu. Subiri miezi 3 hadi 4, acha kumwagilia, kisha chuja spora.

Ukitaka aga kwa lazima, tafuta kuvu wa mizizi ya misonobari. Baadhi yao humea, polepole.

Sahani za aga zenye ukungu mweusi usizifungue, hasa ukiwa na pumu. Mpe fundi wa maabara azichemshe kwa mvuke wa shinikizo.