Kant hakuiga Kanuni ya Dhahabu

Ndugu, umeuliza kama Immanuel Kant, mwanafalsafa Mjerumani, alichukua tu maneno ya Yesu ya Mathayo 7:12, watendee wengine unayotaka utendewe (ndiyo Kanuni ya Dhahabu), akayavua dini. Hapana. Katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili anasema wazi kwamba kanuni hiyo haitoshi, maana mhalifu angeweza kuitumia kumpinga hakimu anayemhukumu. Yeye alitaka sheria ambayo kila mwenye akili angeweza kuitakia watu wote, bila kujali anachopenda mwenyewe.

Amri ya kumpenda jirani aliikubali (alilelewa katika Ulutheri wa Wapietisti, watu wa toba na moyo), ila akasema hisia haziamrishwi, kinachoamrishwa ni tendo. Hapo naachana naye. Msamaria wa Luka 10 alimhurumia yule majeruhi kwanza, ndipo akamfunga majeraha. Ukiiondoa huruma ile, habari yote inapoa.

Lakini tofauti inayoniuma zaidi ni ya uongo. Mwaka 1797 Kant aliandika kwamba hata muuaji akija mlangoni akimtafuta rafiki yako, hupaswi kumdanganya. Rahabu wa Yeriko aliwaficha wapelelezi wa Israeli, akawadanganya watumishi wa mfalme, na Yakobo 2:25 inamtaja kwa sifa kwa kuwapokea. Usidhani Wakristo wote wamekubaliana, maana hata Augustino, mwalimu wa Kanisa la kale, alikataza kila uongo. Mimi hodi hiyo ikipigwa kwangu, nitasema hayupo.