Kutengwa wodini na deni lako kwa hospitali

Mwanangu Akinyi,

Umeniuliza kama ni unafiki kuendelea kujitolea kwa hospitali ambayo wauguzi wenzako wamekufanya mgeni: wananyamaza ukiingia chumba cha chai, wanageukia lugha ya kwao usiyoielewa, na wamefungua kikundi cha WhatsApp cha kubadilishana zamu ambacho wewe hukuingizwa. Si unafiki, ila nadhani umeyachanganya mambo yasiyo na uzito sawa.

Chai ni yao. Hakuna anayelazimishwa kumpenda mwenzake, na katika Nairobi hii, ambako kila mtu ana kwao, wawili wakikutana watazungumza kikwao hata bila nia mbaya (shangazi zako hawanisazi mimi). Lakini muuguzi anayetoka zamu ya usiku akikukabidhi wagonjwa kwa lugha usiyoijua, au akikuficha kwamba mgonjwa alikataa dawa na presha yake ikashuka alfajiri, anayeumia kwanza ni mgonjwa. Hapo jambo limekuwa la mwajiri, na Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 5, inamkataza kumbagua au kumsumbua mfanyakazi kwa misingi ambayo ndani yake mna lugha na kabila.

Wanasaikolojia wa mambo ya kazi, John Meyer na Natalie Allen, waliandika mwaka 1991 kwamba mfanyakazi hushikamana na mwajiri kwa mapenzi, kwa kuhesabu atakachopoteza akiondoka, au kwa kuona ana wajibu wa kubaki. Kutengwa hula yale mapenzi kwanza, kwa sababu kwa mtu wa wodini hospitali haina sura nyingine ila ya wenzake na ya msimamizi wake. Kinachobaki ni hesabu ya kodi ya nyumba na nauli. Sidai uipende tena hospitali hiyo. Wajibu wako kwa mgonjwa, hata hivyo, haukutoka kwa hospitali, bali unafungamana na leseni uliyopewa na Baraza la Wauguzi, na utakwenda nao popote utakapoajiriwa.

Basi andika tarehe na habari iliyoachwa kila makabidhiano yanapokuwa na pengo, kisha umwone msimamizi wa wodi faraghani. Usimwombe awaamuru wakuzoee, maana hilo hawezi. Mwombe zamu zibadilishwe kupitia ratiba iliyobandikwa ukutani, na makabidhiano yafanyike kando ya kitanda, kwa Kiswahili au Kiingereza. Akipuuza, mwandikie metroni, mkuu wa wauguzi, na ubaki na nakala. Metroni naye akinyamaza, ondoka bila kujilaumu: kwa anayelipwa kila mwezi, sheria inataka ilani ya maandishi ya siku 28, isipokuwa mkataba wako unataja muda mrefu zaidi, na mwajiri atapaswa kukupa cheti cha utumishi.

Hiyo barua ya metroni nitumie niisome kwanza, kwa maana ukikasirika huwa unaandika kurasa nne.

Mama yako