Upepo wako unatoka wapi?

Ndugu Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Uzuri unauona wapi katika siku zako za kawaida?" Mimi nimeuona kivukoni Pangani, na penseli ndiyo iliyonionyesha.

Kwa miaka mitatu nilikaa Pangani mjini na kufundisha ng'ambo ya mto, upande wa Bweni. Kila asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya pantoni. Ukikuta imejaa au bado iko ng'ambo, huna budi kukaa. Wenzangu walikula vitumbua, wengine wakachezea simu. Mimi nilikuwa na kaunta buku la maandalio ya masomo, na kurasa zake za nyuma zilikuwa tupu.

Kitu cha kwanza nilichochora ni mnazi. Nimezaliwa pwani, nimekulia chini ya minazi, sikuona haja ya kuutazama. Nikachora shina limenyooka na makuti yamefunguka pande zote kama mwavuli, vile vile ninavyowachorea watoto ubaoni. Baadaye nikaongeza ngalawa ikiwa na tanga lililojaa upepo, kwa kuwa ilipita. Kesho yake niliinua macho kuulinganisha mnazi wangu na mnazi wenyewe, nikashtuka. Ulikuwa mwezi wa sita, kusi, upepo wa kutoka kusini, linavuma. Makuti yote yalikuwa yamelalia upande wa kaskazini kama nywele zilizochanwa. Nikafuta mwavuli wangu, nikachora upya, nikaridhika.

Karibu na pale palikuwa na mzee mvuvi aliyekuwa akishona nyavu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniomba aone. Alilishika daftari mbali kidogo na macho, akaniuliza, "Mwalimu, upepo wako unatoka wapi?" Sikumwelewa. Akaweka kidole kwenye karatasi. "Minazi yako inakwenda Mombasa. Tanga lako limejaa kwenda Saadani, kusini. Hizi pepo mbili zimekutana wapi?"

Swali hilo lilinifungua macho kuliko somo lolote la sanaa nililowahi kusoma chuoni. Tangu siku ile kila nilipokaa kuchora nilianza na upepo: unatoka wapi, umeshika nini, umeachia nini. Ndipo majira yakaanza kuonekana.

Hapa niseme jambo linaloniumiza kama mwalimu. Vitabuni watoto wetu wanafundishwa majira manne ya Ulaya, na neno vuli limepewa kazi ya kutaja wakati ambao majani hukauka na kupukutika huko kwao. Vuli ya kwetu ni mvua! Inanyesha Oktoba mpaka Desemba na mti unachipua. Mtoto anakua akiamini kwamba majira ni kitu cha nchi nyingine, na kwamba kwetu kuna jua tu mwaka mzima. Wazee wetu hawakuamini hivyo. Kwa kuwa miezi ya mwandamo huhama kila mwaka, mkulima na nahodha hawakuweza kuitegemea kujua wakati wa kupanda au wa kusafiri. Wakawa na hesabu nyingine ya jua, tangu Nairuzi, siku ya mwaka wao mpya, kwa siku kumi kumi, kila kumi wakiliita mwongo: miongo 36 na siku tano za juu, jumla siku 365. Watu wasio na majira wangehangaika na hesabu hiyo kwa nini?

Mto nao una mwaka wake. Masika yakikolea, Machi mpaka Mei, maji ya Pangani yanakuwa na rangi ya chai ya maziwa, kwa udongo unaosombwa kutoka bara. Ukisimama mlangoni mwa mto maji yakipwa unaona kabisa ile chai inavyoingia baharini, na mstari unaoitenga na buluu ya bahari. Maji yakijaa, bahari inarudi ndani na mstari unahamia mtoni. Nilijaribu kuuchora mstari huo kwa penseli za rangi za wanafunzi wangu na sikufanikiwa hata mara moja. Mpaka leo natamani kuupata.

Jumamosi nilikuwa nikienda kwenye mikoko. Huko nilijifunza kwamba yale marefu ya kijani yanayoning'inia kwenye mkoko kama maganda ya maharage, ambayo siku zote niliyaita matunda, ni miche. Mbegu inaota ikiwa bado juu ya mti, inarefuka, kisha inaanguka matopeni au inachukuliwa na maji ikatafute pa kusimama. Nilikuja kuyajua haya kwa sababu nilitaka kuchora lile "tunda" likiwa limekatwa katikati, nikatafuta kokwa ndani, sikuona. Jani la mchu nalo, aina nyingine ya mkoko, ukilitazama kwa karibu siku ya jua, lina chembe nyeupe. Nililamba moja. Chumvi. Mti umekunywa maji ya bahari na kutolea chumvi yake majanini.

Na mwembe! Katika michoro yangu ya mwanzo mwembe wa kivukoni ni kijani mtupu. Ulipochipua mbele ya macho yangu nikagundua majani machanga ya mwembe hayana ukijani wowote; yana wekundu wa shaba, yamelegea kama kitambaa kilicholowa, na hukaa siku kadhaa kabla ya kukaza na kugeuka. Nilikuwa nimekula maembe yake miaka yote hiyo.

Mwaka jana nilihamishiwa shule nyingine. Katika kufungasha, uzi wa daftari ukakatika na kurasa zikatawanyika sakafuni, zaidi ya sitini, na hakuna hata moja niliyoiandika tarehe. Nilikaa chini nikadhani nimepoteza miaka mitatu. Kisha nikaokota moja: makuti yamelalia kusini, bahari imetulia. Hiyo ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, Desemba mpaka Machi. Nyingine: mto nimeupaka rangi ya udongo, masika. Nyingine: makuti yameelekea kaskazini na mwembe una maua, kwa hiyo ni kipupwe, Julai au Agosti. Mpaka adhuhuri nilikuwa nimezipanga zote isipokuwa moja. Katika ukurasa huo makuti yananing'inia wima, hayakuelekea popote. Ngalawa tatu ziko ufukweni, matanga yamefungwa.

Siku ya kwenda kuaga nilimpelekea yule mzee. Safari hii hakuulizia upepo. Alicheka kidogo, akasema, "Hapa hapakuwa na kitu. Hii tangambili, upepo mmoja umekwisha na mwingine haujafika. Siku hiyo tulishinda tumekaa." Nikamwambia tangambili huja mara mbili kwa mwaka, hii ni ipi? Akairudisha karatasi mkononi mwangu na kunionyesha pembeni, penye tawi la mwembe nililolichora kwa haraka pantoni ilipokuwa inakaribia. Tawi lilikuwa limeinama, na chini yake kulikuwa na viduara saba ambavyo mkono wangu ulivichora bila mimi kuvitilia maanani.

"Maembe mabichi," akasema. "Novemba, mwalimu."

Nikauweka ukurasa mahali pake, baada ya kusi na kabla ya kaskazi, nikaandika mwezi kwa penseli.