Kiuno cha fundi cherehani na mazoezi ya pilates

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi cherehani mwenye umri wa miaka 46. Nashinda nimeinamia mashine, na jioni kiuno huniuma hadi nainuka kwa kushika meza. Binti yangu ananishauri nianze pilates. Je, itanifaa, na itaniondolea kitambi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Kwa kiuno, huenda ikakufaa sana, kwa kitambi, usitarajie makubwa. Pilates hulenga misuli inayoushikilia uti wa mgongo, hasa msuli wa ndani unaolizunguka tumbo kama mkanda, pamoja na misuli ya sakafu ya nyonga, ambayo ikilegea, kama inavyowatokea wengi baada ya kuzaa, mkojo huponyoka mtu anapokohoa.

Mwasisi wake, Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1883 na kusumbuliwa na pumu utotoni, aliyaendeleza mazoezi haya akiwa kizuizini mikononi mwa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye alibuni mashine za springi ambazo ni ghali, lakini wewe huzihitaji, kwani mkeka juu ya blanketi lililokunjwa unatosha.

Lala chali, kunja magoti, nyayo zikiwa chini. Vuta pumzi kwa pua. Unapoitoa taratibu, vuta kitovu ndani kana kwamba unafunga zipu ya sketi iliyokubana, kisha nyanyua makalio na mgongo, pingili moja baada ya nyingine, mpaka mwili unyooke kutoka mabegani hadi magotini, na ushuke polepole vilevile. Mara 8 za utulivu ni bora kuliko 30 za haraka, maana ukikimbilia kumaliza, mapaja ndiyo yanayofanya kazi na tumbo linabaki mtazamaji.

Tafiti kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu zinaonyesha kwamba pilates huleta nafuu kuliko kukaa bure, ingawa haijathibitika kuyapita mazoezi mengine. Kitambi kinahitaji uangalie chakula na utembee kwa kasi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya namna hiyo kwa wiki.

Hata hivyo, ikiwa maumivu yanateremka mguuni yakiambatana na ganzi, au umeanza kushindwa kuzuia haja, muone daktari kabla ya kutandika mkeka. Na hata ukiwa na oda za harusi, inuka kwenye cherehani kila baada ya nusu saa.